Hesabu ya Nyangumi

Nyangumi huja na kusi. Kuanzia Juni au Julai wavuvi wa Kizimkazi, wa Mafia, wa Mtwara na wa Watamu huwaona wakipita, pengine mmoja pekee, pengine mama na mtoto wake ubavuni, pumzi zao zikiruka juu mfano wa moshi. Ifikapo Novemba, kaskazi ikiwa bado haijashika, huwa wamekwisha kushika njia ya kurudi kusini. Hawa ni nyangumi wa nundu, ambao hujilisha katika maji baridi ya Antaktika, kisha huja kuzaa na kulea katika maji yetu ya vuguvugu. Safari hiyo ni kongwe kuliko jahazi lolote lililopata kutia nanga katika pwani hii. Lakini katika karne ya 20 ilikaribia kukatika, na waliokaribia kuikata ni watu ambao hata jina la Kizimkazi hawakupata kulisikia.

Makala haya yanahusu mjadala ambao ulimwengu umekuwa nao kwa muda mrefu: je, nyangumi awindwe kwa biashara, au ahifadhiwe? Mara nyingi mjadala huo husimuliwa kama ugomvi baina ya Wajapani na watu wa Magharibi, nasi wa pwani hii tukawa watazamaji tu. Historia inasema vingine. Baadhi ya mambo mazito ya kisa hiki yalitendeka katika Bahari ya Hindi, na moja la mambo ya heri lilianzishwa na kisiwa jirani. Zaidi ya hayo, tukikifuatilia kisa tangu mwanzo tutaona kuwa kiini chake si huruma peke yake wala uroho peke yake. Kiini chake ni hesabu: nani alihesabu, nani aliandika, na je, aliyeandika aliandika kweli?

Pwani yetu ilimjua nyangumi kwanza kwa ambari. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri katika maji haya mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanj na ya Shihr kuwa ndiyo bora. Alisimulia pia kwamba samaki mkubwa aliyemeza ambari akifa na kuelea, watu wa Zanj humwendea kwa vyombo vyao, wakamvuta kwa kulabu na kamba, wakampasua na kuitoa. Leo twajua kwamba ambari haimezwi, bali hufanyika humo humo tumboni mwa nyangumi mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, mlaji wa ngisi, ambaye katika makala haya tutamwita nyangumi wa ambari. Msomaji aliyekaa chuoni atakumbuka pia kisa cha Nabii Yunus, na hadithi ya jeshi la Abu Ubaida lililoshikwa na njaa likakuta ufukoni samaki mfano wa kilima, likamla kwa siku nyingi. Katika masimulizi hayo bahari ndiyo itoayo, naye mwanadamu hupokea kilichotupwa.

Mambo yalianza kugeuka ilipofika karne ya 19. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters wa Salem. Biashara ile ilituachia hata neno: kitambaa cha merikani kilivaliwa kutoka Unguja hadi maziwa makuu. Merikani tunaikumbuka, lakini tumezisahau meli nyingine za Wamarekani zilizoingia bandarini katika miaka hiyo hiyo kutafuta maji, kuni na chakula. Hizo zilikuwa meli za kuwinda nyangumi, nyingi zikitoka New Bedford na miji ya jirani yake, zenye kukaa baharini miaka mitatu au minne. Ziliwinda nyangumi wa ambari katika maji ya Unguja, Komoro, Shelisheli na pwani ya Arabuni. Mafuta yake yaliwasha taa za miji ya mbali na kulainisha mitambo ya viwanda vyake.

Mmoja wa waliofika hapa kwa njia hiyo ni J. Ross Browne. Baada ya kuonja maisha ya meli ya nyangumi alishuka Unguja akakaa kwa muda, na mwaka 1846 akachapisha New York kitabu ambacho hata katika anwani yake kinaitaja Unguja. Aliandika kwa uchungu juu ya mateso ya mabaharia chini ya manahodha wao, akitaka umma wa Marekani ujue gharama ya mafuta yaliyokuwa yakiwaka mezani. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilihakikiwa na kijana aliyewahi naye kuwa baharia wa nyangumi, Herman Melville, ambaye mwaka 1851 alitoa riwaya ya Moby-Dick. Basi jina la Unguja limo katika kitabu alichokisoma mtungaji wa nyangumi mashuhuri kuliko wote katika fasihi.

Kuna jambo moja la mabaharia wale ambalo nataka msomaji alishike. Kila meli ilikuwa na daftari la safari. Siku nyangumi alipopatikana, mwandishi aligonga pembeni mwa ukurasa muhuri wenye sura ya nyangumi mzima, na mara nyingi akaandika na idadi ya mapipa ya mafuta. Nyangumi alipochomwa chusa akaponyoka, aligonga muhuri wa mkia tu. Mnamo 1935 mtaalamu Charles Haskins Townsend aliyakusanya madaftari ya namna hiyo, akachora ramani zenye nukta za mahali walipouawa nyangumi, na hadi leo wanasayansi huzitumia. Wawindaji wale hawakuwa watu wa huruma, na baadhi ya aina za nyangumi waliziangamiza kwa kiasi kikubwa. Lakini waliandika walichokitenda, kwa kuwa mwenye meli na baharia wote walilipwa kwa hesabu ile.

Chusa la mkono, likirushwa kutoka mashuani, lilikuwa na mpaka wake. Nyangumi wenye mbio, kama nyangumi buluu, lilishindwa kuwafikia. Mpaka huo uliondolewa na Mnorwe Svend Foyn, ambaye katika miaka ya 1860 alitengeneza mzinga wa kufyatua chusa lenye baruti, akaufunga kwenye meli ya mvuke. Mwaka 1908 Wanorwe walifungua kituo Durban, katika njia ile ile wapitayo nyangumi wa nundu wanaokuja kwetu na kusi. Baada ya miaka michache nyangumi wa nundu walipungua sana huko, na wawindaji wakageukia aina nyingine. Uwindaji wa Durban wenyewe haukukoma hadi 1975. Kisha mwaka 1925 ikaja meli-kiwanda yenye mteremko wa nyuma wa kumpandishia nyangumi mzima sitahani. Haikuwa lazima tena kurudi nchi kavu. Katika msimu mmoja tu, wa 1930/31, waliuawa Antaktika zaidi ya nyangumi buluu 29,000.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, mataifa ya uwindaji yalikutana Washington, na tarehe 2 Desemba 1946 yakatia saini mkataba ulioanzisha Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Mkataba ule ulikusudia mambo mawili kwa pamoja: kuwahifadhi nyangumi na kuiendeleza biashara yao kwa utaratibu. Tume ilirithi kipimo cha ajabu kilichotangulia vita. Nyangumi buluu mmoja alihesabiwa sawa na nyangumi wawili wa pezi, au wawili na nusu wa nundu, au sita wa aina ya sei, na kwa kipimo hicho Antaktika ikawekewa kikomo cha vipimo 16,000 kwa mwaka. Ilikuwa hesabu ya muuza mafuta. Haikuuliza ni aina gani inayokwisha, ila mafuta yamefika kiasi gani. Nahodha mwenye akili timamu alitafuta kwanza nyangumi buluu, kwa kuwa risasi moja ilimpatia kipimo kizima. Alipomkosa akashuka kwa mdogo wake. Wataalamu wamekadiria kwamba nyangumi buluu wa Antaktika, waliokuwa kiasi cha 239,000 kabla ya uwindaji, walibaki 360 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hesabu mbovu ni msiba. Hesabu ya uongo ni msiba juu ya msiba. Kwa miaka mingi Muungano wa Kisovieti ulipeleka kwenye Tume taarifa za misafara yake. Kwa upande wa nyangumi wa nundu wa nusu ya kusini ya dunia, taarifa hizo zilisema wameuawa 2,710. Mwaka 1993 mwanasayansi Alexei Yablokov alitoboa siri: waliouawa walizidi 48,000. Viongozi wa misafara walipewa shabaha za mpango wa serikali na tuzo kwa kuzipita, hata kama nyama yenyewe haikuwa na mlaji na ikatupwa baharini. Wanasayansi waliokuwamo melini waliyajua hayo, na baadhi yao wakaziweka hesabu za kweli pembeni. Dmitri Tormosov alizificha kwa miaka katika ghala la viazi.

Ukurasa mmoja wa daftari hilo la siri unatuhusu sisi wa bahari hii. Novemba 1966 misafara ya Slava na Sovetskaya Ukraina ilipita kaskazini mwa Bahari ya Hindi. Katika siku chache iliua nyangumi wa nundu 242, wengi wao pwani ya Oman, na waliosalia karibu na Pakistani na India. Mwaka huo nyangumi wa nundu alikuwa tayari amelindwa na sheria ya Tume. Habari hizi zilipochapishwa na Yuri Mikhalev mwaka 1997 ndipo wavuvi wa Dhofar na wataalamu wa Oman walipopata maelezo ya upungufu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia chanzo chake.

Wakati madaftari ya uongo yakiendelea kujazwa, upande mwingine wa dunia watu walianza kumsikiliza nyangumi. Mwaka 1970 ilitoka sahani ya santuri yenye sauti za nyangumi wa nundu, na mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay walithibitisha kwamba sauti zile ni nyimbo: zina vipande vinavyorudiwa kwa mpango, na wimbo mmoja huweza kuchukua nusu saa kabla haujarudi mwanzo. Waimbaji ni madume, na wote wa eneo moja huimba wimbo mmoja. Mwaka 1988 Linda Guinee na Katharine Payne waliongeza jambo litakalowafurahisha wapenzi wa vina. Waliona kwamba katika nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, ndimo miishilio yenye kufanana huonekana zaidi, wakapendekeza kwamba huenda inamsaidia nyangumi kukumbuka kinachofuata. Sisi ambao tenzi zetu zilihifadhiwa vifuani kabla ya kuandikwa hatuhitaji kuelezwa kazi ya kina katika kumbukumbu. Kiumbe aliyekuwa akipimwa kwa mapipa ya mafuta akawa ana bahari yake ya utunzi.

Nyimbo hizo ziligeuza nyoyo, lakini sheria hubadilishwa kwa kura. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm wa 1972 ulitaka uwindaji wa biashara usimame kwa miaka kumi; Tume ikakataa. Mwaka 1979 Shelisheli, nchi iliyopata uhuru miaka mitatu tu kabla na yenye watu wasiofika 70,000, ilijiunga na Tume, na katika mkutano wa mwaka huo huo ikapendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi. Pendekezo likapita. Bahari yote ya Hindi, kuanzia pwani zake za kaskazini hadi nyuzi 55 kusini, ikafungwa kwa wawindaji wa biashara: kwanza kwa miaka kumi, kisha ikaongezwa mwaka 1989, na mwaka 1992 ikafanywa bila ukomo. Mwaka 1982, mjini Brighton, Shelisheli ilikuwa tena mbele katika hoja ya kusitisha uwindaji wa biashara duniani kote. Tarehe 23 Julai kura 25 zilikubali, 7 zikakataa, na wajumbe 5 hawakupiga. Miongoni mwa waliokubali walikuwamo Kenya na Oman. Usitishaji ulianza kutumika katika msimu wa 1985/86.

Walikuwapo waliobeza, wakisema kisiwa kidogo kile kilikuwa kinywa cha wageni, kwa kuwa mjumbe wake, Lyall Watson, alikuwa mwandishi mzaliwa wa Afrika Kusini. Tuhuma hiyo haikosi msingi, maana wanaharakati wa Ulaya na Marekani walishughulika kweli kutafuta nchi rafiki. Baadaye upande wa wawindaji nao ulilaumiwa kwa kutafuta kura za nchi ndogo kwa njia ya misaada. Shelisheli yenyewe ilijitoa katikati ya miaka ya 1990. Lakini asili ya mpeleka hoja haiibatilishi hoja. Bahari iliyokuwa ikilindwa ilikuwa bahari ya Shelisheli, na yetu.

Uadilifu unatudai tuwasikilize na wawindaji. Wanorwe, Waaislandi na Wajapani wanasema kwamba mkataba wa 1946 haukuwa wa kupiga marufuku. Kwamba nyangumi mdogo wa aina ya minki yupo kwa wingi. Kwamba mla ng'ombe hana haki ya kumlaumu mla nyangumi. Na kwamba mataifa yanayohubiri leo, Uingereza, Uholanzi na Marekani, ndiyo yaliyowaangamiza nyangumi jana. Zaidi ya yote, wanakumbusha kwamba usitishaji uliahidiwa kuwa wa muda, ukaangaliwe upya ifikapo 1990. Hapo wana haki. Kamati ya wanasayansi ya Tume ilitengeneza njia ya kukadiria kwa tahadhari ni wangapi wanaoweza kuwindwa, na Tume isipoifanyia kazi, mwenyekiti wa kamati hiyo, Philip Hammond, alijiuzulu mwaka 1993. Ahadi ilitolewa, na haikutimizwa.

Hata hivyo, njia ile ilipokubaliwa mwaka 1994 lilibaki swali ambalo wajumbe walishindana nalo kwa miaka wasilimalize: nani atakaa melini kuhakikisha kwamba kinachoandikwa ndicho kilichouawa? Swali hilo halikuzuliwa na wapenda nyimbo. Lilizaliwa na 2,710 waliokuwa 48,000. Kanuni ya hesabu huwa nzuri kadiri ya ukweli wa tarakimu zinazotiwa ndani yake, na mwenye meli alishapoteza imani ya wenzake. Kwa maoni yangu, mzigo wa kuthibitisha umekuwa wa mwindaji kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu nyangumi ni mtakatifu. Ndiyo maana pia naona tofauti kati ya meli-kiwanda na Wainuiti wa Greenland au watu wa kisiwa cha Bequia, ambao Tume huwaruhusu kiasi kidogo kwa chakula chao: hao hula walichokihesabu, mbele ya jamaa zao.

Uwindaji wa biashara haukukoma kabisa. Norwe iliurejea mwaka 1993 kwa kuwa ilikuwa imeweka pingamizi, na Aislandi mwaka 2006. Japani iliendelea Antaktika kwa vibali vya utafiti, hadi tarehe 31 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kwamba mpango wake wa wakati huo haukustahili kuitwa wa utafiti. Mwaka 2019 ilijitoa katika Tume na kuanza kuwinda waziwazi katika maji yake yenyewe. Wapo walioikasirikia. Mimi naona angalau kulikuwa na unyofu ndani yake: jina la utafiti liliondoka, na Antaktika ikaachwa.

Na usitishaji umezaa matunda. Nyangumi wa nundu wa nusu ya kusini wameongezeka sana, na wavuvi wetu wanaowaona kila kusi ni mashahidi. Lakini wale wa Bahari ya Arabuni hawasafiri kwenda Antaktika. Hukaa huko huko mwaka mzima, na uchunguzi wa nasaba unaonyesha wametengana na wenzao wa kusini kwa kiasi cha miaka 70,000. Wana wimbo wao. Uchunguzi wa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba pwani ya Oman walikuwapo 80 hivi. Leo anayewatishia si mwenye mzinga. Ni jarife linalowanasa, na meli kubwa zinazokatiza njia zao. Hakuna mkutano wa ng'ambo utakaowaondolea hatari hiyo. Ni kazi ya nchi za pwani yenyewe. Kenya na Oman zingali wanachama wa Tume, na Tanzania ilijiunga mwaka 2008. Viti tunavyo.

Hesabu ile ya 80 haikufanywa kwa mapipa. Kila nyangumi wa nundu ana madoa na makovu chini ya mkia yasiyofanana na ya mwenziwe, na anapozama huuinua. Watafiti humpiga picha wakati huo, wakaiweka picha pamoja na tarehe na mahali, ili akionekana tena ajulikane. Zamani, katika daftari la New Bedford, muhuri wa mkia ulikuwa alama ya nyangumi aliyeponyoka. Katika daftari la Oman bado ni hivyo.